Shuka Lenye Jua la Mboko

Siku ya thelathini na moja tangu Kaoutar ajifungue, mama yake Fahima alikuwa bado anadarizi kwa kujificha.

Alikaa kwenye kibao nyuma ya jiko la jirani yake Speciosa, shuka jeupe limekunjwa mapajani, kipande kimoja tu kikiwa wazi, kimebanwa kwenye ringi ya mbao. Sindano ilizama, ikaibuka. Kila baada ya mishono mitano au sita aliinua kichwa, akatazama ukuta wa nyumba yake upande wa pili wa ua, akasikiliza. Mtoto akikohoa angesikia. Kaoutar akigeuka, kile kitanda cha chuma kingelia.

"Shona wewe," Speciosa alimwambia, huku akichagua mawe kwenye maharage. "Mutoto analala, mama yake analala. Na kama hawalali, hawajakuita."

"Hilo ndilo linalonitisha, Mama Darius. Haniiti."

"Umekuwa na hofu tangu nikujue. Hata siku ya harusi ya Kaoutar ulikuwa unatazama mawingu."

"Na mvua ilinyesha."

"Ilinyesha kesho yake."

Fahima alitabasamu bila kuinua macho. Ilikuwa kweli. Aliogopa pikipiki, aliogopa radi, aliogopa mtoto anayelia sana na mtoto asiyelia kabisa. Ana miaka arobaini na tatu, alisoma mpaka darasa la tano kule Mboko, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na hapa Rumonge watu wanamjua kwa mashuka yake. Maharusi wengi wa mjini, na wa Minago na Gatete pia, wamelala usiku wao wa kwanza juu ya maua na samaki wa Fahima. Penseli haitumii. Anachora kwa kipande cha sabuni kilichochongwa ncha, kisha anafuata mchoro kwa uzi. Shuka likifuliwa mara ya kwanza sabuni inaondoka, uzi unabaki. Maua anayashona kwa sababu watu wanayataka. Maji anayashona kwa sababu anayajua.

Shuka hili la kujificha lilikuwa la maji, kuanzia pindo moja hadi jingine.

Katika ukoo wa mume wake, Djibril, mtoto akifikisha siku arobaini ndipo anapotolewa nje. Anafunikwa shuka lililodariziwa na mama yake au bibi yake, anapelekwa ziwani, analowanishwa miguu. Wanasema ameonyeshwa maji. Djibril alionyeshwa, Kaoutar alionyeshwa, na wadogo zake wawili pia. Sasa zamu ilikuwa ya mtoto wa Kaoutar, msichana mwenye nywele nyingi, aliyepewa jina la mama yake Djibril, Mariyamu.

Lakini Kaoutar alikuwa amekataa. Siku ya saba, jina lilipokwisha kutolewa na wali ukawa unapakuliwa, alisema mbele ya shangazi zake wote, "Mwanangu hatapelekwa kwenye yale maji. Na msimfunike kitu chochote chenye yale maji." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba mlango ufungwe. Na kweli alikuwa ameomba hivyo. Chumba cha uzazi kilikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa, kwa sababu nyumba hii mpya waliyopanga walipohama ufukweni, wao na Speciosa, iko juu, ng'ambo ya barabara kubwa ya kwenda Bujumbura. Kaoutar aliomba lifungwe tangu siku ya kwanza, na tangu hapo lilikuwa halijafunguliwa, joto au si joto.

Baada ya hapo aliongea kidogo tu. Alinyonyesha saa zote zilizotakiwa, macho yake ukutani. Alikunywa uji wake. Akikandwa kwa maji ya moto hakulalamika hata yakimchoma. Fahima alikuwa amewaona wazazi wengi, na mzazi asiyelalamika akikandwa alimtia wasiwasi.

Alijua sababu. Miaka mitatu nyuma ziwa lilipanda. Waliishi chini, mtaa wa ufukweni, nyumba ya tatu kutoka majini. Mwanzoni maji yaliingia jikoni, wakaweka matofali chini ya miguu ya vitanda, wakacheka kwamba sasa wataanika samaki bila kutoka kitandani. Wiki iliyofuata yalifika madirishani kwa asubuhi moja. Djibril alikuwa sokoni kwenye mafuta yake ya mawese, na Fahima alikuwa akiwatoa wale wadogo wawili. Bibi Mariyamu, mama yake, hakuweza kutembea, basi Kaoutar alimbeba mgongoni, maji yakimfika kiunoni, mpaka barabarani. Wote walitoka wazima. Lakini kifua cha bibi kilishika baridi ya siku ile, na mwezi haukwisha wakamzika.

Kaoutar hakulitazama ziwa tena. Akishuka mjini alipita njia za juu. Mumewe Jamali, anayeuza vitenge Bujumbura, alisema hata kwenye basi anakaa upande wa milimani.

Fahima yeye hakuweza kulichukia. Alijaribu, siku za msiba. Lakini kila alipojaribu alikumbuka chumba kingine, chumba cha nyumba ile iliyozama, na siku arobaini zake mwenyewe.

*

Alivuka kutoka Mboko wakati wa vita vya kule, msichana wa miaka kumi na tisa, ndani ya mtumbwi wa injini pamoja na binamu yake na mbuzi wa watu. Mama yake alibaki. Mwaka uliofuata Djibril alimwoa, na mwaka uliofuata huo akazaa Kaoutar, katika nyumba ya watu aliokuwa bado anawaonea haya kuwaomba chumvi.

Maziwa hayakutoka. Bibi Mariyamu alimpikia mchuzi wa mukeke, samaki wa ziwani, akamnywesha uji wa pilipili manga, akamweka taulo za moto kifuani, wapi. Mtoto alilia siku nzima mpaka sauti ikawa kama ya paka aliyefungiwa ndani. Fahima naye alilia, kwa siri, ameelekea ukuta, kwa sababu alifikiri watasema mwanamke wa ng'ambo hana kitu.

Siku ya pili, asubuhi, mlango ulisukumwa bila hodi. Mwanamke mfupi aliingia na mtoto wake mgongoni. Alikuwa jirani wa upande wa kushoto, Mkristo, walikuwa hawajasalimiana zaidi ya mara mbili.

"Amahoro," alisema. "Mimi naitwa Speciosa. Leteni huyu mutoto. Niko na maziwa ya watu wawili, huyu Darius wangu peke yake hamalizi."

Bibi Mariyamu alikuwa amekaa mlangoni. Fahima alimtazama, akingoja akatae. Bibi alijisogeza pembeni kumpisha.

"Basi wakishanyonya pamoja ni ndugu," bibi alisema. "Wasije kuniletea habari za kuoana hapa wakikua."

"Mama, acha kwanza wapate meno," Speciosa alijibu.

Siku tatu Speciosa alikuja, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne maziwa ya Fahima yalishuka yenyewe, mengi, yakalowesha nguo. Hadi leo Darius, ambaye sasa ni mwalimu huko Minago, anamwita Kaoutar dada na anamgombeza kama dada.

Ndipo Fahima alipoanza kudarizi. Bibi Mariyamu alikuwa amemkataza sindano, akisema macho ya mzazi bado ni mabichi. Lakini siku arobaini ni nyingi kwa mtu aliyezoea kufanya kazi, na ndani ya begi alilovuka nalo kulikuwa na shuka la tetoroni na mafundo machache ya nyuzi, kitu pekee alichopewa na mama yake. Mtoto akilala alilitoa. Mlango ukilia alilisukuma chini ya godoro.

Alishona alichokuwa anakisikia, kwa sababu kutoka pale alipolala ziwa halikuonekana, lilisikika tu: maji yakipiga mawe, watu wa mitumbwi wakiitana asubuhi, wanawake wakibishana juu ya ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Alianza na mawimbi, nyuzi za buluu za aina tatu. Akaweka mukeke mmoja kwenye pembe, na michirizi yake. Kisha akajiwekea utaratibu: kila mtoto aliponyonya akashiba, alishona ndagala mmoja, mshono mmoja mfupi wa uzi wa kijivu. Kwa siku zile tatu za Speciosa alirudi nyuma akashona ndagala tisa wa njano. Juu ya yote akaweka mitumbwi ikirudi, na nyuma ya mitumbwi jua likitoka majini.

Siku ya thelathini na tano bibi aliinua godoro ili alianike, shuka likaanguka.

Fahima alisimama amekumbatia mtoto, akingoja. Bibi alilitandaza kitandani, akalitazama toka pembe hadi pembe, akahesabu wale samaki wa njano kwa kidole, akafikiri, akaelewa. Kisha kidole kikafika kwenye jua.

"Na hili?"

"Jua, mama."

"Linafanya nini humo majini?"

"Linatoka. Asubuhi."

Bibi Mariyamu alikaa chini ili acheke vizuri. Rumonge jua linatokea nyuma, milimani, na jioni ndipo linapozama ziwani, kule nyuma ya milima ya Kongo. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Mboko ni kinyume chake, jua linatokea upande wa maji. Fahima alikuwa ameshona asubuhi pekee aliyokuwa nayo kichwani.

"Mkwe wangu amekuja na jua la kwao," bibi aliwaambia wanawake waliokuja kumwona mzazi. "Sisi wengine tulikuja na sufuria." Na wakati wote uliofuata, miaka kwa miaka, kila shuka lile lilipoanikwa kambani, alipita akasema, "Fumua hilo jua, mwanangu, utatupoteza wavuvi."

Hakulifumua. Mwanzoni kwa uvivu, halafu kwa ukaidi kidogo. Kaoutar alionyeshwa maji ndani ya shuka lile, akalala ndani yake mpaka akawa mkubwa wa kwenda shule, na baadaye likawekwa kwenye sanduku la bati. Sanduku hilo lilikaa siku tisa chini ya maji ya mafuriko, limelaliwa na pipa la mawese lililopasuka. Walipolitoa, shuka lilikuwa la rangi ya chungwa na lilichanika kama mkate. Mawese hayatoki kwenye kitambaa, mtu wa Rumonge hahitaji kuambiwa. Fahima aliokoa pembe moja tu, ile ya mukeke. Aliikata, akaifua mara nyingi, akaificha ndani ya msahafu wake.

*

Pembe hiyo sasa ilikuwa imeshonewa kwenye shuka jipya, na yote mengine aliyarudisha kwa kukumbuka. Mawimbi. Ndagala wa kijivu. Ndagala tisa wa njano, ambao Speciosa alipowaona alifuta mikono kwenye kitenge na kuondoka kwa muda, akasema anaenda kutazama moto.

Kitu kimoja tu alikibadilisha. Safari hii jua alilishona likizama: jekundu, nusu limeingia, nyuma ya milima, na mitumbwi inatoka kwenda kuvua jioni. Alitaka amtii bibi hata kama amechelewa. Mwanamke yule alimtunza siku arobaini mara tatu, akamfundisha kupika ndagala wa mawese, hakumuuliza hata siku moja kwa nini ndugu zake hawaji. Kumlazia jua mahali pake kulikuwa jambo dogo.

"Na Kaoutar akikataa?" Speciosa aliuliza.

"Mtoto atafunikwa leso ya dukani, na hataonyeshwa maji. Atakuwa wa kwanza katika nyumba hii."

"Mwambie sasa, usimvizie siku yenyewe."

"Nitamwambia nikipata pa kuanzia."

"Miaka ishirini na mbili unamlea, bado unatafuta pa kuanzia."

Siku ya thelathini na sita ilikuwa siku ya soko. Speciosa alikuwa ameenda kwa Darius huko Minago na jiko lake limefungwa, kwa hiyo shuka lilibaki nyumbani, chini kabisa ya kapu la nguo chafu. Fahima alikwenda sokoni mara moja tu, kutafuta mukeke wa mchuzi wa mzazi. Alichagua haraka, hakubishana bei, mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Njia nzima ya kupanda alikuwa na mawazo ya kapu lile. Nepi za mtoto zingekwisha. Kaoutar angefungua kapu afue nyingine.

Alivua viatu ukumbini. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kiasi cha kiganja.

Kaoutar alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala pembeni yake. Shuka lilikuwa mapajani mwake, limefunguka hadi sakafuni. Mkono wa kulia ulishika wembe.

Fahima hakuingia.  Aliona wembe ukipita chini ya uzi, ukiinuka, na vipande vya uzi vikianguka kwenye mkeka. Alifikiri: mwache. Ni wake, ni mtoto wake, bibi alikuwa wake pia, mwache akate. Kisha akafikiri ile pembe ya mukeke, hiyo hakuna nyingine, na hapo mkono wake ukasukuma mlango kabla hajaamua.

"Kaoutar. Ile pembe naomba unibakizie."

Kaoutar aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba.

"Pembe ipi? Sijaigusa pembe." Aligeuza shuka. Samaki wote walikuwepo, mawimbi yote, mitumbwi. Palipokuwa na jua na milima palikuwa peupe, pamejaa matundu madogo ya sindano. "Umekosea, mama. Jua lilikuwa linatoka."

Fahima alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mfuko wa samaki bado uko mkononi.

"Lile la kwanza ndilo lilikosewa, mwanangu. Bibi yako alinicheka miaka yote. Nimelirekebisha."

"Bibi alikucheka mbele yako."

"Na nyuma yangu?"

Kaoutar alifunga wembe ndani ya karatasi yake, polepole, kama mama yake alivyomfundisha.  Fahima alizuia mdomo wake usiulize tena, na hiyo kwake ni kazi.

"Nikiwa mdogo nikiumwa alikuwa ananifunika lile shuka," Kaoutar alisema. "Ananiambia, unaliona hili jua? Mama yako akiwa mtoto kule kwao, kila asubuhi alikuwa analiona linatokea huku. Huku kwetu. Akajiuliza ni nani anayelituma. Akavuka kuja kutazama, akanikuta mimi." Aligusa matundu kwa kidole. "Halafu anasema, usimwambie nimekwambia, maana analilinda kwa ukaidi tu, akijua nalipenda hatakuwa na wa kumkaidi, siku moja atalifumua."

 Fahima alimwona Bibi Mariyamu akipita kwenye kamba ya nguo na ule wimbo wake wa kila wiki, fumua hilo jua, utatupoteza wavuvi. Miaka yote ile alikuwa anafikiri anavumiliwa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Alisema nisikwambie."

"Amefariki miaka mitatu."

"Sasa ningekwambiaje? Kila nikikumbuka shuka namkumbuka mgongoni." Sauti ya Kaoutar ilipasuka, na kile alichokuwa amekizuia tangu siku ya saba, pengine tangu siku ya mafuriko, kikaanza kutoka. "Alikuwa mwepesi, mama. Nilifikiri atakuwa mzito. Alikuwa ananiambia mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama ananifundisha kutembea. Ningepita njia ya juu asingelowa. Nilipita ya chini kwa sababu ni fupi."

"Njia ya juu ilikuwa imekatika."

"Sikujua kama imekatika."

"Nakwambia mimi. Ilikatika tangu alfajiri, baba yako alitoka sokoni akakwama huko mpaka mchana, muulize. Ungepita juu mngerudi nyuma, na maji yangewakuta ndani." Fahima alimshika bega. "Mimi kila siku nashukuru kwamba ulipita chini. Nilidhani unajua."

Kaoutar alilia kwa sauti, kama mzazi anavyotakiwa kulia akikandwa na maji ya moto. Mtoto aliamka akalia naye. Fahima hakujua aanze na nani, akawashika wote wawili, na mfuko wa mukeke ukamwagika kwenye mkeka juu ya nyuzi nyekundu.

Walipotulia, na mtoto alipopewa titi, Kaoutar alisema, "Uzi wa njano umebaki?"

"Umebaki. Lakini wewe hushiki sindano. Macho ya mzazi—"

"Wewe ulishika."

Fahima alisimama. Alikwenda kuleta kipande cha sabuni.

Kisha Kaoutar, mtoto kifuani, akasema bila kumtazama, "Na hilo dirisha, mama. Humu mna harufu ya samaki."

Lilikuwa limekaza. Fahima alilipiga kwa kisigino cha mkono mara mbili ndipo likafunguka.

*

Siku nne hazitoshi kwa jua zima. Walishona kwa zamu, mmoja akishika mtoto, mwingine sindano, na Speciosa aliporudi kutoka Minago alidai apewe naye mwale mmoja, akaushona umepinda. Kaoutar alitaka kuufumua. Fahima alikataa. Asubuhi ya siku ya arobaini jua lilikuwa na mduara uliojaa na mionzi upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ulikuwa bado sabuni.

Kabla ya kumfunika mtoto, Fahima alilipapasa shuka lote kutafuta sindano. Akarudia. Akahesabu sindano kwenye kitambaa chake, zote sita zilikuwepo. Akapapasa mara ya tatu.

"Mama Kaoutar," Speciosa alisema, "mpaka umalize huyu mutoto atakuwa na mutoto."

Walishuka asubuhi mapema, watu watano: Djibril mbele, Jamali aliyefika jana yake, Speciosa, Fahima, na Kaoutar amembeba mtoto. Walipita njia ya chini. Mtaa wa zamani ulikuwa nusu maji. Hapa ukuta, pale mlango usio na nyumba, minazi na michikichi imesimama miguu ndani ya ziwa. Kizingiti cha nyumba yao kilikuwa mahali maji yanapoishia sasa. Watu wawili walikuwa wanaanikia ndagala juu ya sakafu ya iliyokuwa sebule, wakasalimu, wakasogeza ndagala wao ili wapite.

Kaoutar alisimama kabla ya kizingiti. Fahima, ambaye alikuwa anamtazama kila hatua tangu barabarani, alisimama pia.

"Mpe baba yako kama unataka," alisema.

Kaoutar alitikisa kichwa. Alikaa kwenye kizingiti, pale bibi alipokuwa akikaa kupepeta mchele, akafunua upande wa chini wa shuka. Miguu ya mtoto ilitoka, miwili, myekundu chini. Fahima alichota maji kwa kiganja. Yalikuwa na baridi ya asubuhi. Aliyashika kwanza mpaka yakapata joto la mkono wake, kisha akayamimina juu ya vidole vile, na Mariyamu mdogo akakunja uso, akavuta pumzi, akapiga kelele iliyogeuza vichwa vya wavuvi wote ufukweni.

"Sauti hiyo haijapotea," Djibril alisema. "Huyo ni mama yangu mwenyewe."

Nyuma yao jua lilikuwa linatoka milimani, likaangaza kwanza milima ya ng'ambo, halafu maji ya katikati, likawa linasogea kuja. Kule Mboko, Fahima aliwaza, sasa hivi wanaliona linatokea kwetu. Pengine kuna msichana ameketi mlangoni anajiuliza ni nani anayelituma.

Wimbi dogo lilikuja likapanda kizingiti. Kaoutar aliinua haraka pembe ya shuka, ile yenye mukeke, isilowe, akaishika juu kwa vidole viwili wakati maji yakipita chini ya miguu yake mwenyewe. Hakuiondoa miguu.

"Chota tena, mama," alisema. "Mguu wa kushoto haukupata."